Kusoma Uzamili wa Mipangomiji na Maendeleo Endelevu ya Miji: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila mwaka dirisha la udahili likikaribia kufunguliwa, simu yangu hujaa ujumbe. Baadhi wanaoniandikia ni vijana waliomaliza shahada ya kwanza juzi tu. Wengine ni maafisa wa halmashauri walio kazini miaka kumi, wamechoka kugonga muhuri kwenye michoro ambayo wenyewe hawaiamini. Nimekusanya hapa maswali yanayojirudia. Mimi ni afisa mipangomiji, nilisoma uzamili nikiwa tayari kazini, na mifano yangu mingi ni ya Dar es Salaam kwa sababu ndiyo ninayoijua kwa miguu. Msomaji wa Nairobi, Mombasa, Unguja au Kampala asijione mgeni, naye nimemkumbuka pale nilipoweza.

Kwani mipangomiji si kuchora ramani tu? Uzamili ni wa nini?

Kuchora utajifunza kwenye shahada ya kwanza, au hata stashahada. Uzamili unashughulika na yale yanayoamua kama mchoro utafuatwa: ardhi ni ya nani, fidia atalipa nani, maji ya mvua yatakwenda wapi, sheria inampa nani kauli ya mwisho, na kwa nini watu walijenga pale walipojenga.

Chukua Dar es Salaam. Mji huu ulipata mipango kabambe, yaani mipango mikuu ya kuongoza ukuaji wa mji mzima, mwaka 1949, 1968 na 1979. Huo wa 1979, ulioandaliwa na kampuni ya Canada iitwayo Marshall Macklin Monaghan, ulikuwa na kila kitu: maeneo mapya ya makazi, barabara, maeneo ya wazi, mabonde ya kuachwa bila kujengwa. Kisha mji ukakaa zaidi ya miaka thelathini bila mpango kabambe mpya. Sensa ya 1978 ilihesabu watu 843,090 mkoani. Ya 2012 ikahesabu 4,364,541. Watu hao hawakusubiri mchoro. Walinunua ardhi kwa wenyeji, mwenyekiti wa serikali ya mtaa akashuhudia, karatasi ya mauziano ikaandikwa, matofali yakafyatuliwa. Mji ukajengwa. Mtu akiniuliza uzamili wa fani hii unasoma nini hasa, humjibu kwamba unasoma hiyo miaka thelathini.

Uzamili, umahiri, uzamivu: kipi ni kipi?

Shahada ya pili wengine huiita uzamili, wengine umahiri. Ni kitu kimoja. Uzamivu ni shahada ya tatu, udaktari wa falsafa. Kati ya shahada ya kwanza na ya pili kuna stashahada ya uzamili, kozi fupi inayowafaa waliotoka fani ya mbali au ambao ufaulu wao wa shahada ya kwanza haukutosha kuingia uzamili moja kwa moja. Usiidharau. Kwa wengi imekuwa daraja.

Sikusoma mipangomiji mwanzo. Nitapokelewa?

Mara nyingi, ndiyo. Wanaopokelewa hutoka jiografia, usanifu majengo, upimaji ardhi, uhandisi ujenzi, uchumi, sosholojia, mazingira, hata sheria. Kwa Tanzania kigezo cha kawaida ni shahada ya kwanza yenye GPA isiyopungua 2.7, ila kila programu ina masharti yake, na zipo zinazotaka fani ya karibu tu. Soma tangazo la chuo lenyewe, usitegemee ujumbe uliosambazwa kwenye kundi la WhatsApp.

Mimi naamini darasa lililochanganyika ndilo bora. Kwetu alikuwepo mwanasheria aliyekuwa akisimamisha kila wasilisho kwa swali lilelile: "Hayo mamlaka umepewa na sheria ipi?" Mwanzoni alituudhi. Kufikia muhula wa pili kila mmoja wetu alikuwa anaingia darasani na kifungu mkononi. Yeye naye alitaabika na skeli. Mchoro wa 1:2,500 maana yake sentimita moja ya karatasi ni mita 25 za ardhi, jambo dogo likiandikwa hivi, lakini asiyelizoea atapanga njia ya gari mahali ambapo mkokoteni wenyewe haupiti. Ukitoka nje ya fani, nunua rula ya skeli mapema na uizoeze mkono.

Nisome wapi hapa Afrika Mashariki?

Tanzania jibu la kwanza ni Chuo Kikuu Ardhi. Kilianza mwaka 1956 kama shule ya kufundisha mafundi wa upimaji, kikahamia mlimani kilipo sasa mwaka 1958, kikawa Chuo cha Ardhi miaka ya 1970, kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996, na mwaka 2007 kikasimama chenyewe kama chuo kikuu. Historia hii ina maana kwa mwanafunzi: wapimaji, wasanifu, wathamini, wahandisi wa mazingira na wapanga miji wako kilima kimoja, unaweza kuvuka uwanja ukamuuliza mthamini jinsi fidia inavyokokotolewa. Chuo kina pia taasisi ya utafiti wa makazi ambayo makabati yake yamejaa tafiti za mitaa ambayo leo imebadilika isitambulike.

Kenya, Chuo Kikuu cha Nairobi kimefundisha mipango kwa ngazi ya uzamili tangu 1971, na wengi wa waliopanga miji ya Kenya walipita pale. Maseno na Kenyatta pia wana fani hii. Nairobi ina neema nyingine: makao makuu ya shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, UN-Habitat, yako Gigiri, kwa hiyo mihadhara na mikutano ambayo wengine huisikia redioni wewe unaifuata kwa matatu. Uganda utaangalia Makerere.

Kabla ya kuchagua, angalia majina ya walimu na walichotafiti. Jengo zuri halitasimamia tasnifu yako.

Na nikitaka kwenda ng'ambo?

Zipo programu zilizozoea watu wetu. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Dortmund, Ujerumani, kina programu iitwayo SPRING ya mipango kwa nchi zinazokua: mwaka wa kwanza unasoma Dortmund, wa pili katika chuo mshirika, na Ardhi ni mmoja wa washirika hao. Rotterdam, Uholanzi, kuna uzamili wa mwaka mmoja wa usimamizi wa miji katika taasisi ya IHS. London kuna kitengo cha mipango ya maendeleo cha chuo kikuu cha UCL, kilichoanza mwaka 1954.

Ushauri wangu: nenda, lakini swali lako liwe la nyumbani. Nimeona wenzetu wakirudi na tasnifu nzuri kuhusu njia za baiskeli za Uholanzi, kisha wanakabidhiwa mtaa usio na njia ya kupitisha jeneza.

"Endelevu" si neno la wafadhili tu?

Linatumika vibaya, kweli. Limechapishwa kwenye fulana na mabango mpaka limechakaa. Ila shuka Jangwani, kwenye Bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam, utaelewa kwa nini bado tunalihitaji.

Bonde la Msimbazi linakusanya maji kutoka vilima vya Pugu na kuyapitisha katikati ya jiji hadi baharini. Desemba 2011 mvua ilinyesha, bonde likajaa, watu wakafa, na familia zilizookolewa zikapewa viwanja Mabwepande, mbali kaskazini mwa jiji. Wapo waliorudi bondeni. Ukimuuliza mtu kwa nini amerudi kwenye maji, atakwambia biashara yake iko Kariakoo na nauli ya kwenda na kurudi kutoka Mabwepande inakula faida yote. Mpango uliomtoa kwenye mafuriko ulimtupa kwenye njaa.

Halafu tazama mwendokasi, mabasi yenye njia zao peke yao. Mabasi yalianza Mei 2016 kutoka Kimara hadi Kivukoni, na kwa aliyekuwa akilala na kuamka kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro yalikuwa ukombozi. Basi moja refu badala ya daladala kadhaa: moshi unapungua, muda unapungua. Lakini karakana ya mabasi hayo ilijengwa Jangwani, ndani ya bonde lilelile. Mvua kubwa zilipokuja, karakana ilifurika na barabara ikafungwa. Jibu la tatizo moja likawekwa kwenye njia ya tatizo jingine. Ukiweza kueleza kwa utulivu, bila kumtukana mtu, jinsi uamuzi wa namna hiyo unavyopitishwa kikao kwa kikao, umeshasoma maendeleo endelevu.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Darasani mita 60 ni mstari. Msimbazi ni vyumba vya watu, na mto wenyewe unahama kila msimu, kwa hiyo mita 60 za mwaka huu si za mwaka jana. Katika uzamili utabishana kuhusu mstari huo hadi usiku.

Makazi holela si tubomoe tu, tujenge upya?

Hili naulizwa na watu wema kabisa, wengi wao wamezaliwa humo humo. Jibu langu ni refu, mniwie radhi.

Kwanza, tulishajaribu. Tanzania ilivunja nyumba katika miaka ya 1960, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ikageuza sera: badala ya kubomoa, kuboresha. Kwa mkopo wa Benki ya Dunia vikapimwa viwanja vyenye huduma Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na Manzese ikapelekewa barabara na maji bila kuhamishwa. Anayekaa Sinza leo anakaa ndani ya uamuzi huo. Miaka ya 1990 wakazi wa Hanna Nassif, Kinondoni, walichimba mifereji na kujenga barabara zao wenyewe kwa ujira na kwa kuchangia, wataalamu wakiwa pembeni. Mwaka 2002 ukaja mradi wa viwanja 20,000: Bunju, Mbweni, Kibada, Tuangoma na kwingineko. Ulifanya kazi nzuri ya kupima, ila waliovipata viwanja wengi walikuwa na mishahara.

Pili, makadirio yanayotajwa sana ni kwamba takriban watu saba kati ya kumi jijini wanaishi kwenye makazi yasiyopangwa. Ukibomoa hayo umebomoa jiji.

Kinachofanyika sasa ni urasimishaji, na Sheria ya Mipangomiji Na. 8 ya 2007 imeweka nafasi yake. Mtaa unachukuliwa ulivyo, majirani wanaachia vipande vya ardhi ili njia zipatikane, mchoro unaandaliwa, bikoni, yaani alama za mipaka, zinapandwa, kila mmoja anapata namba ya kiwanja na anaweza kuomba hati.

Nieleze siku moja. Tulikuwa tunatafuta njia ya mita nne katikati ya nyumba zilizobanana. Upande mmoja kulikuwa na ukuta mpya wa matofali ya saruji, haujapigwa lipu. Upande wa pili choo cha shimo cha bibi mmoja, katikati kabisa ya njia tuliyoichora ofisini. Kwenye kompyuta jibu lilikuwa jepesi: choo kinaondoka. Bibi hakugomba. Aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, usiku tumbo likinisokota nitakwenda wapi?"

Tukakaa chini ya mwarobaini tangu saa tatu asubuhi hadi adhana ya adhuhuri. Mwenye ukuta akasema hagusi kitu. Mjumbe, kiongozi wa nyumba kumi, akamkumbusha kwamba mwaka uliopita, mama yake alipofariki, jeneza lilipitishwa juu ya ukuta wa jirani. Akanyamaza muda mrefu. Mwishowe akakubali kurudisha ukuta hatua mbili. Njia ikapinda, ikabaki mita tatu, na majirani wanne wakachanga saruji na mabati, bibi ajengewe choo upande wa pili kabla kile cha zamani hakijafukiwa. Kwenye mchoro uliopitishwa, mpindo ule unaonekana kana kwamba mkono wa mchoraji uliteleza. Ndio mstari ninaoupenda kuliko yote niliyowahi kuchora.

Wapangaji wanahusikaje?

Siku ileile niliona jambo lililonipeleka uzamili. Waliosaini fomu walikuwa wenye nyumba. Hatua kumi kutoka tulipokaa, uani, wanawake watatu walikuwa wakifua, watoto wawili wamelala kwenye khanga kivulini. Ni wapangaji, kila mmoja na chumba chake. Hakuna aliyewaita, nami sikuwaita. Njia ikipanuka, gari la maji likaingia, thamani ya nyumba inapanda, na mwezi unaofuata kodi inapanda nayo. Waliokuwa wanafua ndio watakaoilipa, au watahama.

Kiswahili kimewapa jina moja aliyepanga chumba na anayepanga mji: wote ni wapangaji. Nimelifikiria neno hilo mara nyingi. Vikao vyetu vya mipango vimejaa wapangaji wa aina moja na havina kabisa wa aina ya pili, ilhali wao ndio wengi kwenye mitaa ya kipato cha chini.

Yupo aliyejaribu vinginevyo. Agosti 2017 kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la kupangiwa. Mukuru wakazi wengi ni wapangaji wa vyumba vya mabati. Kaya ziliunganishwa kumi kumi, kila kundi likatoa mtu wa kulisemea, vyama vya wakazi kama Muungano wa Wanavijiji vikakaa meza moja na vyuo vikuu, mashirika na maafisa wa kaunti. Ukisoma uzamili popote ukanda huu, soma Mukuru kwa makini, pamoja na yale ambayo hayakufanikiwa.

Lazima niwe hodari wa kompyuta?

Lazima usiogope. Utatumia mifumo ya taarifa za kijiografia, GIS kama tunavyoiita wote, na programu ya QGIS ni ya bure, inafunguka hata kwenye kompyuta ya wastani. Picha za droni siku hizi ni kitu cha kawaida. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, uliwatoa wanafunzi wa Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam madarasani wakaenda na wakazi kuchora mitaa inayofurika: mifereji, madaraja ya mbao, mpaka maji yalipofika ukutani. Ramani ile iko wazi kwa yeyote. Angalizo langu ni kwamba droni huona mabati, haioni kwamba chini ya bati moja wanalala watu kumi na wanne.

Nichague mada gani ya tasnifu?

Ndogo. Wanafunzi wengi huja na "Changamoto za ukuaji wa miji Afrika". Msimamizi mwema atakurudisha. Chukua mtaa mmoja, mfereji mmoja, soko moja, kituo kimoja cha bodaboda. Yangu ilihusu wapangaji wa nyumba kumi na moja katika mtaa mmoja, kabla na baada ya urasimishaji. Nilipata taabu kuwapata kwa sababu watu niliokuwa nawatafuta walikuwa wameshahama, na nikagundua kwamba kule kuwatafuta ndiko kulikokuwa utafiti wenyewe.

Omba vibali mapema. Barua ya chuo inakwenda mkoa, wilaya, kata, mtaa, na kila meza ina siku zake. Ofisi moja niliyopeleka barua iliipoteza mara mbili, nikapoteza wiki sita. Beba nakala tatu, na ya nne ibaki nyumbani.

Na ukimaliza, rudisha matokeo kwa watu waliokupa muda wao. Kurasa mbili za Kiswahili, ubao wa matangazo wa ofisi ya mtaa, saa moja ya mkutano.

Nani atanilipia?

Wengi hujilipia, kwa awamu. Mwajiri wa serikali anaweza kukupa ruhusa ya masomo na mshahara ukaendelea, na pengine ada, ikiwa umo kwenye mpango wa mafunzo wa mwaka. Muulize afisa utumishi kabla bajeti haijafungwa. DAAD, shirika la ufadhili wa masomo la Ujerumani, hufadhili wanaosoma huko na wanaosoma vyuo vya ukanda wetu. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola na wa Chevening ni kwa Uingereza, na Chevening inadai urudi nyumbani walau miaka miwili. Wengi wa hawa wanataka uzoefu wa kazi wa takriban miaka miwili, hivyo kufanya kazi kwanza si kuchelewa. Anayekutaka umtumie pesa ili "jina lipitishwe" ni tapeli, mkate hapohapo.

Shahada ikitoka, nitasajiliwa moja kwa moja?

Hapana. Tanzania kuna Bodi ya Usajili wa Wataalam wa Mipangomiji chini ya sheria ya 2007, Kenya kuna bodi yake chini ya sheria ya 1996. Aliyekuja uzamili bila shahada ya kwanza ya mipango aulize bodi mapema programu yake inatambuliwaje.

Kazi zipo?

Zipo, ila haziko zote mahali vijana wanapotazama. Halmashauri na wizara huajiri kwa vibali, na vibali huja kwa msimu. Kampuni za upangaji na upimaji ziliongezeka na urasimishaji. Kuna miradi ya miundombinu ya miji, mashirika ya makazi, benki zinazokopesha nyumba, kampuni za maji. Dodoma imekuwa na kazi nyingi tangu serikali ilipohamia kwa nguvu, na kuvunjwa kwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu mwaka 2017 kuliipa halmashauri mzigo wote wa upangaji. Unguja wana kazi isiyofanana na yetu: Mji Mkongwe, urithi wa dunia tangu 2000, na ng'ambo yake, yenye majumba marefu ya Michenzani, vyote vinataka watu wanaojua kutunza na kuongeza kwa wakati mmoja.

Ila nikwambie ukweli kuhusu miji midogo. Dar es Salaam imeshajengwa, unarekebisha. Ifakara, Kahama, Tunduma, Katoro, huko bado unaweza kutenga njia kabla ya nyumba. Ningekuwa na miaka ishirini na sita leo, ningeomba kazi huko.

Ni kazi ya wanawake?

Nimepanda bikoni nikiwa na mimba ya miezi saba. Kina mama wa mtaani hunifungulia uani ambako wenzangu wa kiume huishia mlangoni, na uani ndiko choo, jiko, kisima na mpangaji walipo. Njoo, mdogo wangu.

Masomo ni kwa lugha gani?

Kwa Kiingereza, na tasnifu pia. Mkutano wa mtaa ni kwa Kiswahili, na hapo ndipo wengi wanaporomoka. Niliwahi kusimama mbele ya wazee nikasema tumetenga "eneo la wazi". Mzee mmoja akanyanyua mkono: kama liko wazi, basi apewe yeye, ana vijana watatu hawana kiwanja. Hakuwa anatania. Kwake, wazi ni tupu, halina mwenyewe. Tangu siku ile nasema "mahali pa watoto kucheza na pa kufunga turubai la msiba", na hakuna aliyewahi kuliomba. Kila dhana utakayofundishwa, jiulize usiku utamwelezaje mjumbe wako. Usipoweza, hujaielewa.

Masomo yanaanza miezi minne ijayo. Nianze na nini?

Chukua daftari. Siku mvua ikinyesha, ikikatika tu, toka nje ufuate maji ya paa lako mpaka yanapoishia. Andika yanapita kwa nani. Mimi nilipofanya hivyo mara ya kwanza, nilikuwa na miaka mitano kazini. Maji yangu yalivuka nyua tatu kabla ya kufikia mfereji, na katika nyumba ya tatu nilikuta kitanda kimeinuliwa, matofali manne chini ya kila mguu.